Faili halipotei, limekaa kwa mtu

Ukikaa masjala ya ofisi yoyote ya serikali, sentensi utakayoisikia kuliko zote ni hii: "Faili halionekani." Mwanzoni unaiamini. Unapekua rafu, unashusha maboksi, unavuta makabati mbele kuangalia nyuma yake. Baadaye unajifunza kuisikia kwa sikio jingine. Faili halina miguu, limekaa kwa mtu. Liko juu ya kabati la katibu mahsusi, au chini ya magazeti ya mkuu aliyesafiri, au kwenye buti la gari la ofisa aliyekwenda kikaoni. Pengine limefungwa kwa kamba pamoja na faili jingine ambalo halihusiani nalo kabisa. Kazi nzima ya kutunza kumbukumbu za serikali, kuanzia masjala ya halmashauri hadi ghala la Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, ni kuweza kujibu swali moja: liko kwa nani, na tangu lini?

Haya ni yale ambayo masjala imetufundisha tuliokaa humo. Tunayaandika kwa ajili ya vijana wanaotoka Tabora na vyeti vyao vya utunzaji kumbukumbu, wakifika kituoni wanakuta chumba kina dirisha moja, makarani wawili na majalada elfu kadhaa.

Tuanze na barua inapofika. Ikifunguliwa, kitu cha kwanza ni muhuri wa kupokelea wenye tarehe. Utaona ni jambo dogo, lakini humo ndimo makosa mengi huzaliwa. Muhuri hugongwa kwenye nafasi tupu, haugongwi juu ya saini wala juu ya maandishi. Tarehe hubadilishwa asubuhi kabla ya barua ya kwanza. Karani aliyesahau kuzungusha tarehe Jumatatu hupokea barua zote za siku hiyo kwa tarehe ya Ijumaa, na hakuna atakayegundua mpaka liwepo shauri. Anayekusudia kuishtaki serikali hutakiwa kutoa notisi ya siku 90. Rufaa za kinidhamu nazo zina siku zake, na zabuni zina saa. Wakili akisimama mahakamani, ushahidi wa kwamba barua ilifika lini ni wino ule wa muhuri wenu, basi.

Baada ya muhuri hesabu viambatisho. Barua inasema viambatisho 4, wewe unaona 3: andika hapo hapo "kimepokelewa pungufu", weka saini. Usipoandika, kile cha nne kitakuwa kimepotelea kwako. Kisha rejista: tarehe ya kupokea, imetoka kwa nani, namba ya kumbukumbu ya mwandishi, tarehe ya barua, inahusu nini, imewekwa kwenye jalada gani, folio ya ngapi, yaani namba ya karatasi ndani ya jalada. Safu mbili za mwisho ndizo watu huziacha wazi wakisema watazijaza jioni. Jioni haifiki. Rejista yenye safu hizo wazi inathibitisha kwamba barua ilipokelewa, na inathibitisha vilevile kwamba hamjui iko wapi.

Barua ya siri huja ndani ya bahasha mbili. Ya nje ni ya kawaida, ya ndani ndiyo yenye alama. Karani wa masjala ya wazi akikuta bahasha ya ndani haifungui. Anaiandikisha kwa namba ya bahasha na kuipeleka masjala ya siri kwa kusainiana. Tumeona majalada ya siri yakihifadhiwa vizuri kwenye kabati la chuma, huku nakala ya barua ileile ikiwa kwenye jalada la wazi kwa sababu bahasha ilichanwa kwa mazoea.

Sasa jalada lenyewe. Hapa ndipo tunapopenda kukaa, kwa sababu asilimia kubwa ya mafaili "yaliyopotea" hayakupotea, yalipewa jina baya. Jalada lenye kichwa "Mambo ya Jumla" ni shimo. "Barua Mbalimbali" ni shimo la pili. "Mkuu wa Mkoa" nalo ni shimo, kwa sababu Mkuu wa Mkoa huandika kuhusu njaa, michezo, ardhi na Mwenge. Utakwenda kutafuta barua ya mgogoro wa ardhi kwenye faili lenye ratiba ya Mwenge. Mfumo wa maneno muhimu ulioingizwa serikalini wakati wa maboresho ya utumishi wa umma ulikuja kuziba mashimo hayo. Jalada hupewa jina kwa kazi inayofanyika. Jina la aliyeandika barua halihusiki. Unaanza na neno pana, unashuka hadi neno finyu: Majengo, kisha Matengenezo, kisha Nyumba za Watumishi. Kila neno lina namba yake kwenye kitabu cha mpango wa majalada.

Ndiyo maana barua ya serikali ina "Kumb. Na." juu yake, ambayo wananchi wengi huiona kama pambo. Chukua namba ya kubuni, EA.12/245/03/41. Herufi huonyesha ofisi na kundi la kazi, 12 na 245 huonyesha mada na tawi lake, 03 ni juzuu ya tatu, na 41 ni folio. Mwananchi anayekuja kufuatilia jambo lake akiwa na namba hiyo huhudumiwa kwa dakika chache. Akija na maelezo tu kwamba "niliandika mwaka juzi kuhusu kiwanja", mtashinda wote. Kwa hiyo ukimjibu mtu barua, hakikisha namba imeandikwa kamili hadi folio, na folio hiyo ipewe barua kabla haijatoka. Barua inayotoka bila folio hurudi ikiwa na majibu yasiyo na pa kukaa.

Folio huandikwa kwa kalamu nyekundu, kona ya juu kulia, kwa mfuatano wa kuingia. Upande wa kulia wa jalada hukaa barua, mpya juu. Upande wa kushoto hukaa karatasi ya madokezo, na dokezo ndilo roho ya jalada. Barua hukuambia nini kiliombwa na nini kilijibiwa. Dokezo hukuambia kwa nini. Dokezo zuri ni fupi kama hili:

"Mkurugenzi wa Utawala: Rejea f. 23. Andaa majibu kabla ya Ijumaa. KM, 14/3."

Katika mstari mmoja kuna anayeambiwa, karatasi inayozungumziwa, la kufanya, muda, aliyeagiza (KM ni Katibu Mkuu) na siku. Linganisha na vikaratasi vidogo vya rangi vyenye gundi ambavyo wakubwa wa siku hizi wanavipenda. Gundi hukauka, kikaratasi hudondoka, na uamuzi wa serikali unafagiliwa na mfagiaji saa kumi na mbili asubuhi. Ukikuta kikaratasi hicho, kibandike kwenye karatasi nzima na ukipe folio, au mwombe mkubwa aandike upya kwenye dokezo. Atanuna kidogo, lakini ataandika.

Mambo matatu huharibu folio. Kwanza ni namba kujirudia: ukikuta 31 mbili, ya pili iwe 31A. Usianze kufuta na kupanga upya, maana madokezo yote yaliyoandikwa "rejea f. 35" yatakuwa yanasema uongo. Pili ni kuchomoa. Karatasi ikitolewa kwa sababu ya haki, labda imekosewa jalada, mahali pake iwekwe karatasi nyingine yenye namba ileile inayosema imepelekwa wapi, na nani, lini. Jalada linaloruka kutoka 17 hadi 19 bila maelezo ni jalada ambalo mtu ameshalitembelea kwa nia yake. Tatu ni barua moja yenye mambo mawili. Hiyo toa nakala, weka kwenye majalada yote mawili, na kila moja liandikwe liliko lenzake. Wizara inayoandika "naomba pia nikukumbushe kuhusu..." mwishoni mwa barua ya jambo jingine haijui inavyowatesa makarani.

Tukirudi kwenye swali letu la nani analo: kila jalada lina kadi yake masjala, na lina mistari kwenye ganda inayoonyesha linakotoka na linakokwenda. Likitoka, kadi inaandikwa. Likihama kutoka ofisi moja kwenda nyingine bila kupita masjala, wanaopeana ndio wa kuandika, na hapo ndipo mnyororo unapokatika, maana ofisa hulibeba tu na kumwekea mwenzake mezani, "hili lako." Hakuna dawa moja ya tabia hiyo. Kinachosaidia ni sensa ya majalada. Kila wiki, au angalau kila baada ya wiki mbili, karani apite ofisi kwa ofisi na daftari, aandike namba ya kila jalada aliloliona na meza aliyoliona. Atapokelewa kama mgambo wa jiji, lakini avumilie. Kwa nusu siku ya kutembea utaokoa siku nyingi za kutafuta, na utagundua kuwa majalada yaliyolala mezani kwa miezi mara nyingi yako kwa watu walewale.

Kuna herufi nne ambazo mgeni wa ofisini lazima azijue. P.A. maana yake kazi imekwisha, jalada lirudi rafuni. B.U. maana yake lirudishwe tarehe fulani: "B.U. 30/6" humwambia karani aandike kwenye shajara ya masjala, ukurasa wa Juni 30, kwamba jalada hili lipelekwe kwa fulani asubuhi hiyo. Masjala yenye shajara ya B.U. inayofanya kazi ndiyo inayoifanya serikali ionekane inakumbuka. Isipofanya kazi, ahadi ya "tutalifuatilia" hufa siku ileile iliyoandikwa. Usikubali jalada lirudi masjala bila P.A. wala B.U.; lirudishe, muulize mwenye kazi anataka nini.

Na faili lisipoonekana kweli? Watu hufungua jalada la muda. Si vibaya, kama linafunguliwa kwa masharti: liandikwe wazi kuwa ni la muda, liandikishwe, na siku lile la kwanza likipatikana yaunganishwe, folio zikaendelezwe. Kinachotokea ni kwamba la kwanza linapatikana, hakuna anayeunganisha, na sasa jambo moja lina majalada mawili yanayoendelea sambamba. Huyu anajibu "imekubaliwa", yule anajibu "haiwezekani", kwa mwananchi mmoja, wiki moja. Wote wawili wana ushahidi.

Jalada likifika folio 100 hivi, au unene wa sentimita 3, lifungwe na juzuu mpya ifunguliwe. Kwenye ganda la zamani liandikwe "Limefungwa", tarehe, na namba ya juzuu inayofuata. Jalada nene hupasuka ganda, folio za chini huchanika matundu na kuanza kudondoka, na zinazodondoka kwanza ni zile za mwanzo, zenye asili ya jambo lote.

Majalada binafsi ya watumishi yana uzito wake. Humo huwa na barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, vyeti vya elimu, cheti cha kuzaliwa, taarifa za likizo na za nidhamu. Mtumishi anastaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, kwa hiyo karatasi aliyopewa akiwa na miaka 24 inatafutwa miaka 36 baadaye. Ameshahama mikoa minne. Kila uhamisho jalada linatakiwa kumfuata, na kila uhamisho kuna hatari ya kubaki. Waliohudumu wilayani wanaijua picha hii: mwalimu mstaafu amekaa kwenye benchi la korido, mkononi ana mfuko wa nailoni wenye nakala zake zote, anaambiwa barua ya kuthibitishwa kazini haimo. Mara nyingi yeye ndiye mwenye karatasi na serikali ndiyo isiyonayo. Mafao yake yanategemea mfuko ule wa nailoni. Kwa hiyo, mtumishi unayesoma hapa: nakala ya kila barua unayopewa na mwajiri weka nyumbani, na mwaka mmoja kabla ya kustaafu omba jalada lako likaguliwe, usingoje miezi mitatu. Angalia tarehe ya kuzaliwa uliyoandika siku ya kwanza kazini. Hiyo ndiyo itakayohesabiwa, hata kama kadi zako za baadaye zinasema vingine.

Uhakiki wa vyeti uliotangazwa Aprili 2017, uliotaja watumishi 9,932 kuwa na vyeti vya kughushi, uliwafundisha waajiri kwamba jalada binafsi si kabrasha la kuwekea likizo. Vyeti vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Ofisi ambazo majalada yake yalikuwa kamili zilimaliza mapema, na ambazo hayakuwa kamili zilianza kuwaomba watumishi walete nakala upya.

Sasa kuteketeza. Watu wengi hudhani kutunza kumbukumbu ni kutokutupa kitu. Hapana. Masjala inayojaa kila kitu haina tofauti na masjala isiyo na kitu, maana huwezi kupata unachotaka. Lakini hakuna mkuu wa ofisi, awe mkubwa kiasi gani, mwenye ruhusa ya kuamka asubuhi na kusema "chomeni haya". Sheria ya Menejimenti ya Kumbukumbu na Nyaraka, Na. 3 ya 2002, iliweka kumbukumbu za umma chini ya usimamizi wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kuteketeza hufanyika kwa idhini na kwa kufuata mwongozo unaotaja kila aina ya kumbukumbu na muda wake. Kabla ya hapo palikuwa na sheria ya nyaraka ya 1965, na nyuma yake amri ya kikoloni ya 1931 iliyohusu uondoshaji wa kumbukumbu. Ona lililowashughulisha wakoloni kwanza: kuondosha.

Utaratibu ni huu. Majalada yaliyofungwa hutenganishwa na yaliyo hai, hupitiwa moja moja, na orodha huandikwa: namba, kichwa, tarehe ya kwanza na ya mwisho, pendekezo. Wanaopitia wawe pamoja na mtu wa idara iliyoyazaa majalada, kwa sababu karani peke yake hawezi kujua kama mkataba fulani bado una madai. Yale ya fedha yasiguswe kabla wakaguzi hawajamaliza nayo. Orodha ikiidhinishwa, kuchoma au kukatakata kunasimamiwa na mashahidi, hati inasainiwa, na orodha yenyewe haiteketezwi kamwe. Kosa kubwa ni kuyauza kama karatasi chakavu. Nani hajawahi kununua karanga zikiwa zimefungwa kwenye karatasi yenye nembo ya bibi na bwana? Wakati mwingine huwa na jina la mgonjwa na ugonjwa wake.

Yanayobaki, yasiyotumika kila siku lakini bado yana muda wake, huitwa kumbukumbu tuli, na hayo huenda kituo cha kumbukumbu. Cha taifa kiko Dodoma. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kishindo baada ya tangazo la 2016, ofisi nyingi zilijifunza kwa uchungu tofauti ya kuhamisha na kubeba. Kuhamisha ni hivi: boksi linapewa namba, orodha ya yaliyomo inaandikwa kabla boksi halijafungwa, nakala moja ndani, moja inasafiri na dereva, moja inabaki. Boksi lisizidi uzito ambao mtu mmoja anaweza kuinua bila kuliburuta, na majalada yasimame, yasilazwe. Mwisho, anayepokea anasaini boksi kwa boksi. Kubeba ni kujaza viroba, kuandika "MASJALA" kwa kalamu nene, na kukutana na viroba hivyo miaka mitatu baadaye chini ya ngazi.

Vinavyostahili kudumu milele hatimaye hufika Nyaraka za Taifa, taasisi iliyoanzishwa 1963 kwa waraka wa Rais. Pale Upanga kuna majalada ya serikali ya Wajerumani yaliyoandikwa kwa mwandiko wa mkono ambao hata Wajerumani wa leo husoma kwa shida. Mwaka 1997 UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Kuna majalada ya Waingereza na vitabu vya wilaya ambavyo wakuu wa wilaya waliandika humo kila kitu, kuanzia koo za machifu hadi bei ya mazao. Zanzibar ina taasisi yake pale Kilimani, yenye hazina ya maandishi ya Kiarabu iliyoingia orodha hiyohiyo 2003. Kwa jumla, kumbukumbu zikifika miaka 30 hufunguliwa kwa wasomaji, ila zile zenye zuio.

Lakini rafu hizo zina pengo, na kila mtunza kumbukumbu wa Afrika Mashariki anapaswa kulijua. Kabla ya uhuru, Waingereza walichambua majalada ya makoloni yao. Mengine waliyachoma, mengine waliyasafirisha Uingereza. Ilichukua kesi ya wazee wa Mau Mau mjini London, waliodai fidia kwa kuteswa enzi za ukoloni, kuyatoa: mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kuwa majalada yapo Hanslope Park, kituo chake huko Uingereza, ya Kenya, ya Tanganyika na ya makoloni mengine mengi. Mwaka 2013 Wakenya 5,228 walikubaliwa kulipwa jumla ya pauni milioni 19.9. Kesi ile ilisimama kwa sababu makarani wa kikoloni waliandika karatasi zao vizuri mno, zikahifadhiwa vizuri mno, mahali ambapo wenye madai hawakutakiwa kuzijua.

Uhifadhi wenyewe katika hali ya hewa yetu ni vita. Karatasi hupenda nyuzijoto 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 50 hivi. Dar es Salaam unyevu hupita 80 bila aibu. Kiyoyozi kinachowashwa asubuhi na kuzimwa jioni ni kibaya kuliko kutokuwa nacho, kwa sababu usiku chumba hupata jasho na karatasi hunyonya. Kama huwezi kukiwasha saa 24, afadhali upepo unaopita, feni na madirisha yenye wavu. Rafu ziwe za chuma, ngazi ya chini iinuliwe sentimita 15 kutoka sakafuni, na rafu isigusane na ukuta wa nje. Mchwa huja kupitia ukutani, na hawabishi hodi: boksi linaonekana zima kwa nje, ukilivuta linakuja jepesi. Toa pini na vibanio vya chuma kabla ya kuhifadhi. Hapa pwani hupata kutu haraka na kula matundu kwenye karatasi. Selotepu marufuku. Karatasi ya faksi ya zamani hufifia mpaka ikawa nyeupe, kwa hiyo itolewe fotokopi mara moja, na fotokopi ndiyo ipewe folio.

Maji yakiingia una saa 48 hivi kabla ukungu haujaanza. Usifungue majalada yaliyoloa kwa nguvu. Yasimamishe yakiwa wazi kidogo, weka karatasi za kunyonya kati ya kurasa, zibadilishe kila saa chache, elekeza feni hewani na si kwenye karatasi. Usianike juani, karatasi hujikunja na wino huondoka. Yakiwa mengi kuliko mikono yenu, yafungeni kwenye mifuko na kuyagandisha kwenye friza kubwa, mtayashughulikia taratibu baadaye. Mwenye friza la samaki atashangaa kuombwa, lakini inafanya kazi.

Siku hizi kuna ofisi mtandao. Jalada hufunguliwa kwenye kompyuta, dokezo huandikwa kwa kibodi, na mfumo wenyewe unaandika nani amelifungua na saa ngapi. Sensa ya kutembea na daftari imepungua. Ila mfumo haurekebishi kichwa kibaya: ofisi iliyokuwa na "Mambo ya Jumla" kwenye ganda la manjano sasa ina "Mambo ya Jumla" kwenye skrini, lenye viambatisho mia nne vinavyoitwa "scan001". Kabla ya kuskani chochote, safisha mpango wa majalada. Skani kwa nukta 300 kwa inchi, hifadhi kwa PDF ya aina ya A, iliyobuniwa kwa uhifadhi wa muda mrefu, na angalia ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu nyuma ya barua mara nyingi kuna dokezo la kalamu ambalo mashine ya upande mmoja hulipita. Nakala ziwe tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae jengo jingine. Na karatasi ya asili usiichome kwa sababu tu imeskaniwa. Ina muda wake kwenye mwongozo kama zamani.

Halafu kuna barua pepe na makundi ya WhatsApp. Uamuzi ukitolewa humo, mtu aliyepewa kazi aupige chapa au auingize kwenye mfumo, jaladani, siku hiyohiyo. Simu ikibadilishwa umekwisha.

Jambo moja la mwisho kuhusu mfumo, ambalo wasimamizi husahau. Mtumishi akihama au kustaafu, TEHAMA hufunga akaunti yake siku ileile, na majalada yaliyokuwa kwenye trei yake ndani ya mfumo hubaki humo. Mfumo unajua yako kwa nani, na huyo nani hayupo tena. Kwenye fomu ya makabidhiano ongezeni mstari wa masjala juu ya mstari wa TEHAMA: trei ihamishwe kwanza, karani asaini kuwa imebaki tupu, ndipo akaunti ifungwe.